Moto Wako Ulikuwa Mahongole

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Kasimiri Mgaya, Baba Matilda. Watoto walitaka tangazo hili liandikwe kwa upole. Nimewaambia kalamu ninayo mimi mkeo, na wivu wangu bado ninao.

Ulikuwa dereva wa lori la majani ya chai kule Lupembe. Kila bibi mwenye mzigo ulimsimamishia gari, nami huku nyumbani Mahongole nimeweka chai inapoa. Ulipiga honi ukifika kona ya kanisa ili niinjike maji ya kuoga. Hadi leo honi ya lori ikilia nainuka.

Ndipo miguu yako ikatoka madoa mekundu. Kwa baridi yetu hii, anayeota moto kila siku miguu humtoka madoa. Kwangu hukukaa hata mkaa ukakolea, basi nikajua unaota kwingine. Nikamjua na mwenye moto huo: Conjesta, mama ntilie wa Makambako, uliyekuwa ukila kwake.

Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nilikukokota hospitali, daktari akuumbue mbele yangu.

Daktari akayabonyeza madoa, hayakufifia. Akauliza habari za homa na ganzi. Akapima mkojo, akakuta damu.

“Mama, haya si ya moto. Kuta za mishipa yake ya damu zimevimba. Ugonjwa huu unaitwa vaskulitisi. Kinga ya mwili, iliyowekwa kumlinda, imegeuka inaishambulia mishipa yake. Mngechelewa, figo zingekufa.”

Dawa zilituachia wewe miaka mitatu zaidi. Zilikujaza mashavu, wanawake wa jumuiya wakasema umependeza. Nilinuna. Mwishowe figo zilishindwa kweli.

Msibani Conjesta alilia kunishinda. Juzi, baada ya misa yako ya mwaka, akanishika mkono, akanisalimu.

“Kamwene, da Rebeka. Yule baba hakuwahi kusogea motoni kwangu. Nikimwambia njoo uote, anakula palepale mlangoni, anasema, ‘Moto wangu uko Mahongole.’”

Baba Matilda, neno tamu namna hiyo ukampa yeye? Ungenipa mimi! Namwonea wivu, maana alilisikia kwa sauti yako.

Nawe unayesoma, ukiona madoa miguuni yasiyofifia ukiyabonyeza, usisingizie moto. Nenda hospitali.

Unakumbukwa na mama yako Emerensiana, wanao Matilda na Tarsis, kaka yako Haruni, madereva wenzako wa Lupembe, na Conjesta, kwa kuwa ameomba.

Daima tutakukumbuka sote, ila mimi zaidi.