Msitie Mafuta ya Kijani Katika Gari la Baba

Quakers Hill,
Sydney, Australia.
Alhamisi, 26 Agosti 2021.

Mpendwa mdogo wangu Melchior,

Pokea salamu kutoka nyumbani kwa binti yangu Domina. Natumaini wewe, shemeji Concilie na watoto hamjambo, na kwamba kifua chako kimepona sawasawa baada ya ile homa ya mwezi wa saba. Je, umechanjwa? Mimi nimechanjwa mara mbili, na mkono uliniuma siku moja tu.

Huku tumefungiwa kwa sababu ya korona. Haturuhusiwi kwenda zaidi ya kilometa tano kutoka nyumbani. Domina hutoka kwa sababu anahudumia wazee katika kituo kimoja cha Toongabbie. Mimi nauzunguka mtaa kwa saa moja, kisha narudi kuitazama simu. Ndivyo nilivyoiona video yako ya Jumapili, injini ya gari la Baba ikiunguruma.

Kuna jambo la haraka. Keshokutwa usimruhusu fundi Ephraim atie yale mafuta ya kijani. Hayo ni ya Citroën zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1966. Letu ni la 1964, na mafuta yake ya haidroli, yale yanayoliinua, ni mekundu. Fungua boneti utazame: pampu na tangi vimepakwa rangi nyeusi. Vingekuwa vya kijani, nisingesema neno. Mafuta hayo yakiingia, mipira ya ndani inayozuia uvujaji itaharibika na gari halitainuka juu ya magurudumu yake.

Sasa nikuambie lililo gumu. Kopo la mafuta hayo nililiona mkononi mwa Ephraim katika video tangu Jumapili. Nilikuandikia "Hongera", nikanyamaza siku nne.

Nilikuwa na wivu, Melchior. Baba aliandika katika wosia kwamba gari libaki na yule aliyebaki nyumbani, nami sina la kulipinga. Lakini ni mimi niliyejifunza Kifaransa ili nimsomee kitabu chake cha maelekezo, wewe ukiwa hujaanza hata shule. Unawaambia watu kwamba ni gari zuri la zamani, basi. Aina hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1955, miaka kumi tu baada ya vita, magari mengi yalikuwa bado yakiruka juu ya springi za chuma. Yenyewe ilikalia mafuta na gesi, na magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski. Mwaka 1959 ikashinda mbio za Monte Carlo. Mwaka 1968 Citroën ilikuwa ikiongoza mbio za kutoka London hadi hapa Sydney, ikagongana na gari dogo karibu na Nowra, safari ikiwa imebaki kidogo. Baba aliposikia habari hiyo hakugusa chakula. Wewe hukumbuki. Hilo ndilo linalonichoma: umepewa kitu usichokikumbuka.

Juzi Domina alinikuta nikiirudia video.

"Baba, hiyo ni mara ya ngapi?"

"Namkagua fundi."

"Fundi yuko Iringa, baba. Wewe unamwonea Baba Mdogo wivu."

Nilimwambia akanawe mikono, maana alikuwa ametoka kazini.

Leo asubuhi ukanitumia sauti yako: "Kaka, Jumamosi mnyama anasimama. Nitakupigia ulione wewe kwanza, hata Concilie atasubiri." Niliisikiliza mara mbili, kisha nikatafuta kalamu. Kukupigia sikuweza, ningekukaripia ili nisiseme ukweli. Posta nayo inachukua miezi, kwa hiyo mjukuu wangu Vicky ataipiga picha barua hii na kukutumia mara nitakapoitia sahihi.

Mwambie Ephraim atafute mafuta mekundu hata kama ni Dar es Salaam, na aoshe tangi kwanza. Asipoelewa, nipigie, nitamweleza hatua kwa hatua bila kumgombeza.

Nisalimie Concilie, watoto wote, na mzee Mwiti wa jirani. Mungu awaepushe na ugonjwa huu, awajalie pumzi na usingizi mwema.

Ombi langu ni moja. Gari litakapoinuka, mwite Concilie alione kwanza. Mimi nipe wiki moja, kisha unitumie video.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata katika wivu wangu,

Zephania