Nyumba Tuliyooneshwa Jumapili

Mabatini, Mwanza
Wiki ya kwanza ya Majilio

Dada yangu Kokulinda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, mguu wako unaokusumbua wakati wa mvua umetulia, na Baba anakula vizuri. Mwambie buni alizonitumia nimezipata, zimefika kavu na chumba kizima kinanukia nyumbani. Msalimie shemeji na wanao wote, hasa yule mdogo ambaye nasikia ameanza kusoma masomo kanisani. Sisi huku hatujambo. Malimi yuko na injini zake za boti kule mwaloni kwa wavuvi, mimi nipo na cherehani yangu. Minza ni mzima kwa sasa. Kwa nini nasema kwa sasa, utaona mbele.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Ujumbe wako wa sauti niliupata, dada. Unasema nije Krismasi, nipige magoti mbele ya Baba na kaka Deodatus, niombe radhi kwa kuiuza familia kwa watu baki. Nimeshika simu nikupigie, nikashindwa. Nikisikia sauti yako nitalia, au nitatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha. Ndiyo maana nimemwomba Clavery wa jumuiya yetu, anayekuja huko kwa meli, akupe hii mkononi. Naomba uisome yote, hadi mwisho, ukiwa umekaa.

Unajua tumepanga hapa Mabatini tangu Minza hajazaliwa. Vyumba viwili, ua mmoja na familia nyingine tatu, kila mtu na jiko lake la mkaa mlangoni. Kwa mtoto mwenye pumu, hayo si makazi. Daktari alishatuambia wazi kwamba dawa ya kuvuta inamsaidia lakini haitafanya kazi peke yake; tutafute pahali penye hewa. Tukajinyima. Malimi aliuza hata ule mtumbwi aliorithi kwa baba yake, na sijawahi kumwona mtu akikiaga chombo vile, anakipapasa kama ng'ombe.

Basi mwezi wa nane kaka Deodatus akatokea na habari ya nyumba. Alisema kuna mzee anaitwa Shigela anauza, upande wa kusini wa mji, juu kidogo ya barabara kuu, na kwamba mzee huyo ni mtu wake wa karibu, hatatuumiza kwenye bei. Tukaenda kuiona Jumapili baada ya misa. Waitu dada, niliipenda. Vyumba vitatu, choo cha ndani, mparachichi uani, na kwenye dirisha la nyuma unaliona ziwa katikati ya mawe mawili makubwa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, mwanana kabisa. Minza alikimbia toka chumba hadi chumba akichagua cha kwake, na hakukohoa hata mara moja.

Malimi ndiye aliyeuliza kuhusu dampo, maana alisikia mjini kwamba taka zinamwagwa upande ule. Shigela alitazama chini. Kaka ndiye aliyejibu, akasema dampo liko nyuma ya kilima, mbali, na lenyewe linahamishwa, magari yamebaki machache tu ya kumalizia. Tulirudi mara ya pili kuangalia paa na mabomba. Kaka alitupangia siku, ikawa tena Jumapili, tena mchana. Sikuona ajabu. Mtu na kazi zake Geita, akivuka daraja kuja kutusaidia siku yake ya kupumzika, nilimshukuru Mungu kwa kuwa na kaka.

Hata hivyo neno dampo lilinikaa. Malimi alisema uamuzi ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayekesha na mtoto. Ndipo nikakupigia wewe. Bila shaka unakumbuka. Nilikueleza kila kitu, dirisha, ziwa, kilima, nikakuuliza ungekuwa wewe ungefanyaje. Ulikaa kimya kidogo, kisha ukasema, "Nunua, Felicitas. Deo hawezi kumdanganya mtoto wa mama yake." Baada ya maneno hayo sikuuliza mtu mwingine tena. Siku ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa ikapangwa, na mwenye nyumba wetu hapa nikamwambia atafute mpangaji.

Furaha ndiyo iliyoniokoa, dada. Nilitaka kushona mapazia mapema ili tuhamie yakiwa tayari, nikamwomba Shigela ufunguo nikapime madirisha. Ilikuwa Jumatano asubuhi na shule zimefungwa, nikaenda na Minza.

Tulipoanza kupanda ile njia, lori lilitupita, kisha lingine, kisha trekta lenye tela lililofunikwa wavu uliotoboka. Mifuko ilikuwa inaanguka njiani. Harufu ilitukuta kabla hatujafika kwenye geti. Sijui niielezeje. Si ya uvundo peke yake, kuna kitu kinaungua ndani yake, plastiki na nywele, inashika kooni. Upepo wa asubuhi unashuka kutoka kilimani, haupandi kutoka ziwani. Juu ya paa la nyumba niliyoipenda walikuwa wametua wale ndege wakubwa wenye vipara, wamejipanga kama wazee wa baraza, na ukuta wa jikoni ulikuwa mweusi kwa nzi.

Ningegeuka palepale. Lakini mtu akishapenda kitu hujitafutia sababu. Nikasema labda ndani ni afadhali, nikafungua mlango, nikaanza kupima dirisha la sebuleni. Sikumaliza. Nilisikia Minza akivuta pumzi kwa ile sauti ninayoijua. Nilipogeuka alikuwa ameshika ukuta, mabega yamepanda hadi masikioni. Nikampa dawa yake, akavuta, haikutosha, akavuta tena. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Nilimbeba, mtoto mkubwa vile, nikatoka naye mbio na sijui nakwenda wapi.

Mama mmoja jirani alituona. Anaitwa Winnie, Mjaluo wa Shirati, anauza samaki wa kukaanga huko chini barabarani. Aliacha beseni lake njiani, akasimamisha bodaboda kwa kusimama mbele yake, tukapanda wote watatu hadi zahanati. Wakamwekea mashine ya mvuke. Tulikaa pale benchi moja mpaka kifua cha Minza kikatulia, akalala mapajani mwangu.

Winnie akaniuliza, kwa ukali, "Mama, mtoto wa pumu unamleta kuishi pale? Nani amekuloga?" Nikamwambia hatujahamia, tunanunua, na kwamba dampo linahamishwa. Alicheka bila furaha. Alisema hadithi ya kuhamishwa wameisikia tangu yeye anahamia, na kila mwaka taka ndizo zinazohamia kwao. Mvua ikinyesha maji meusi yanateremka hadi kwenye kisima chao, hawayanywi tena, wanafulia tu, na hata nguo zinabaki na harufu. Wapangaji wa nyumba ile wamekuja na kuondoka, wa mwisho hakungoja hata mwezi uishe.

Nikamuuliza kwa nini mzee Shigela haishi mwenyewe ndani yake. Akanishangaa. "Shigela ni mlinzi," alisema. "Mwenye nyumba ni Mhaya mmoja anakaa Geita. Deo."

Dada, nilimtazama mtoto wangu na ile barakoa ya plastiki bado ina ukungu, na sikuhisi hasira. Nilihisi baridi. Nilikuwa nikijaribu kutafuta Deo mwingine wa Geita.

Nilimwambia Malimi jioni ile. Alitoka nje akakaa na mikono yake yenye grisi juu ya magoti. Nikampigia kaka, nikamwambia aje. Siku hizi daraja la Busisi limefunguliwa, hakuna tena kisingizio cha foleni ya kivuko, akaja kesho yake. Alikaa kwenye kochi letu, akapokea soda, na hakukana. Alisema aliinunua kupitia simu, kwa picha, akitaka iwe ya uzeeni, akagundua ubaya wake akiwa ameshalipa. "Fely," alisema, "wapangaji wananikimbia. Nikaona afadhali ibaki kwa damu yetu. Na wewe tangu utotoni ni mvumilivu." Hayo ndiyo maneno yake. Ati uvumilivu wangu ndio uliomfanya anichague.

Malimi ndiye aliyemjibu, tena kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Alisema, "Shemeji, ungekuja ukaniambia nyumba ni yako na ina kasoro, ningekusaidia kuitafutia mtu wa kuifanya stoo. Ulikuwa huna haja ya kumpitisha Minza kwenye hayo yote." Kaka aliinuka akaondoka. Soda hakuimaliza.

Yangeishia hapo ningenyamaza. Tulishakosa vyumba vyetu viwili hapa, mwenye nyumba alikuwa ameshampa mtu, tukahamia kimoja cha nyuma kilicho kidogo zaidi, na sikumwambia mtu wa nyumbani sababu. Nilisema tumeghairi, basi. Lakini mwezi uliopita Winnie alinipigia. Kuna vijana wawili wanaoneshwa nyumba, mume na mke, na mke ni mjamzito. Wameoneshwa Jumapili mchana. Wataletwa tena Jumapili.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili nilikwenda nikawasubiri chini, kwenye meza ya samaki ya Winnie. Yule binti anaitwa Hadiya, watu wa mjini hapahapa, kijana wake anaitwa Lukman, fundi wa kuchomelea. Sikumtaja kaka kwa jina, wala sikusema nyumba ni ya nani. Niliwaambia jambo moja tu: rudini siku ya kazi, asubuhi, mapema, msimwambie mtu, muwe wawili tu. Hadiya alishika tumbo lake akaniuliza kwa nini. Nikamwambia akija ataelewa. Walikwenda, wakaelewa, wakaghairi. Shigela alimwambia kaka ni nani aliyeongea nao.

Hilo ndilo kosa langu ambalo mnataka nilipigie magoti. Kaka ameuambia ukoo mzima kwamba namwonea wivu, kwamba nimemharibia. Na wewe ukanitumia sauti ile, ukaniita msaliti, ukataja hata kaburi la mama.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nililiruka hapo juu. Pale zahanati, Winnie alipokwisha kunitajia Deo, alinitazama sana usoni. Akasema, "Lakini wewe si ndugu yake? Mnafanana mno na yule mama aliyekuja kukaa pale wakati wa mvua za masika. Mrefu, anachechemea mguu." Nikamwomba anieleze zaidi. Alisema mama huyo alikaa siku kadhaa akiiangalia nyumba hadi mpangaji mpya aje, alishinda amefunga madirisha yote na kitenge puani, na siku ya kuondoka alimuaga akimwambia kwamba pale mtu hawezi kulea mtoto.

Wakati wa masika, dada, ulikuja Mwanza kutibiwa mguu. Uliniambia umefikia kwa masista kwa sababu vyumba vyetu ni vidogo na hutaki kumsumbua Minza. Nilikuletea uji hospitalini. Tuliketi pamoja ukanishika mkono.

Sikutaka kuamini. Nilimuuliza kaka siku ile ya soda, Malimi alipotoka kumsindikiza mteja wangu mlangoni. Nilitegemea akatae. Alisema ni kweli ulikaa, na kwamba yeye mwenyewe alitaka kunieleza habari ya harufu kabla hatujaiona nyumba, ili niamue nikijua. Ni wewe uliyemkataza. Alisema ulimwambia, "Ukimwambia hatanunua. Mwache ahamie, atazoea."

Huenda anasema uongo, kama alivyosema mengine. Nimeliombea hilo kwa miezi. Lakini kila nikikumbuka ule ukimya wako kwenye simu kabla hujasema nunua, najua ulikuwa unaisikia harufu ile puani mwako. Wewe ndiye uliyembeba Minza kwenye maji ya ubatizo. Padre alipouliza kama uko tayari kuwasaidia wazazi wake, wewe ndiye uliyeitikia.

Ya kaka naweza kuyabeba. Ni mwanamume aliyebanwa, akatafuta pa kutokea, akaona mgongo wangu. Yako sijui niyaweke wapi. Mama alipofariki wewe ulinisuka nywele, wewe ulinifundisha kushona. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilidhani nikikuuliza nimeuliza mama.

Krismasi sitakuja. Mweleze Baba sababu yoyote utakayoona inafaa, maana sitaki kumvunja moyo mzee katika umri ule. Lakini kama kikao kitakaa na jina langu likatajwa, mimi pia nitakuja kusema, na nitasema yote. Radhi sitaomba. Nikiulizwa na wengine kuhusu nyumba ile, nitawaambia waende asubuhi. Malimi ameona kiwanja kidogo Butimba, juu kwenye mawe, pagumu kujenga. Tumekwenda mara nyingi, kila saa, hata mvua ikinyesha. Tutaanza na chumba kimoja.

Kama kuna jambo sijalijua, linalokusafisha, niandikie. Usinipigie. Nataka kulisoma taratibu.

Malimi anakusalimu. Mpe shikamoo yangu Baba, na shemeji pia. Winnie hakujui jina lakini aliniuliza kama yule mama mguu wake ulipona. Nikamjibu kwamba unaendelea vizuri. Minza sijamwambia kitu. Kila jioni kwenye sala yake bado anakutaja, wa kwanza, kabla yangu mimi na baba yake, na mimi naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako,
Felicitas