Upande Ulionyimwa

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa dada yangu mdogo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mikono yako imepona michubuko ya kufua mashuka ya hoteli nzima. Kile kikohozi nacho kimekwisha? Sisi huku hatujambo. Mama hajambo ila magoti, na magoti yenyewe humuuma pale tu anapoombwa jambo asilolitaka. Wifi yako anasema uache kumtumia salamu kupitia kwangu, eti huwa nazila njiani. Mimi ni mzima, randa bado inakata, na tumbo linazidi kutangulia mbele.

Najua umeziruka salamu zote hizo ukashuka chini kumtafuta binti yako Chiriku. Rudi juu, usome pole pole. Habari ni njema, lakini nitazitoa kwa mpango wangu, maana mwenye kalamu ni mimi.

Uliniuliza kama uache kazi urudi, ili binti yako asije akapasuliwa mgongo mama yake hayupo. Swali hilo lilinikosesha raha, ndiyo maana sikukujibu upesi. Kama unavyokumbuka, daktari wa mifupa alisema uti wa mgongo wa mtoto umepinda na kujizungusha kidogo, na kwa kuwa bado anarefuka, kupinda kunaweza kuzidi. Kukizidi sana, ni kisu. Kusipozidi mpaka amalize kurefuka, ameepuka. Akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akatuambia turudi baada ya miezi kadhaa kupiga picha nyingine ya eksirei.

Mtaalamu huyo ni mama mfupi mwenye sauti ndogo. Sisi tunamwita Mama Pumua, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusema “pumua”. Chumba chake kina mikeka, mipira mikubwa na ngazi ya mbao iliyofungwa ukutani, ambayo wagonjwa huishika na kuning'inia. Mimi niliikagua ile ngazi kuliko nilivyomsikiliza yeye. Wiki ile ile nikatengeneza yetu, nikaifunga kwenye ukuta wa karakana, na pembeni nikasimamisha kioo cha kabati ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Sitii chumvi, ngazi yangu ni nzuri kuliko ya hospitali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi wetu tunamkunjua.

Unanijua mimi na mistari iliyonyooka. Mwanzoni kila nikimwona mtoto nilikuwa nampigia kelele, “Nyooka!” Mama Pumua akanikataza. Kumbe Chiriku anapojisikia amenyooka, ndipo amepinda, kwa sababu mwili wake umeshazoea hivyo. Na kioo kikimwonyesha amenyooka, yeye mwenyewe anajisikia kama anaanguka upande. Nikachukua timazi, ile kamba yangu yenye uzito wa kupimia wima, nikamchorea mstari wa chaki katikati ya kioo, basi kila asubuhi kabla sijawasha msumeno anasimama pale anajipanga na ule mstari. Dada, fikiri kidogo. Mtoto wa umri ule anaamka kila siku, anaukatalia mwili wake mwenyewe, anakiamini kioo. Mimi mtu mzima nimeshindwa kuamini hata mizani ya duka la dawa.

Sasa nikupe kisa cha Mama. Mazoezi haya hayafanani pande zote. Kulia, mbavu za Chiriku zimejitokeza nyuma kama kilima. Kushoto zimezama, pana bonde. Kwa hiyo analala juu ya mkeka, vifuko vya mchele vinawekwa pale tu alipoonyesha Mama Pumua, kisha anavuta pumzi na kuielekeza kwenye lile bonde mpaka mbavu zifunguke.

Na Mama ni yule yule. Aliyekuwa akikata sabuni kwa uzi ili asitokee mwenye kipande kikubwa. Kitambaa kikiingia nyumbani bado anakipima kwa shubiri na kutugawia sawa kwa sawa, hata kama fungu la mtu halitoshi kola. Alipoona mjukuu wake anahudumiwa upande mmoja tu, roho ikamuuma. Basi jioni, mimi nikiwa na wateja, akawa anamrudisha mtoto kwenye mkeka, anahamisha vifuko, na zoezi lote linafanywa upya kinyume, ili na upande wa pili usinung'unike. Chiriku alijaribu kumwambia kwamba sivyo alivyofundishwa. Mama akamjibu kuwa katika nyumba hii hapendelewi mtoto wala ubavu. Kwa adabu yake, binti yako akatii.

Aliyegundua ni Mama Pumua, siku alipomwomba mtoto amwonyeshe anavyofanya nyumbani tangu asubuhi hadi jioni. Alituambia bila hasira kwamba mtoto anajenga asubuhi na kubomoa jioni. Nilitoka pale nikihesabu siku kwa vidole, kwa sababu siku ya picha ilikuwa imekaribia.

Lakini nani wa kumfunga paka kengele? Mimi, na mdomo wangu huu unaousifia, nikakumbuka ghafla kwamba kuna mlango wa mteja haujapigwa msasa. Wifi yako naye akakumbuka nguo zake kwenye kamba. Tukamwachia mtoto.

Chiriku hakubishana. Aliketi mbele ya bibi yake, akamgeuzia mgongo, akauchukua mkono wake na kuuweka upande wa kulia, kisha akauhamishia kushoto. Mama akapapasa kwa vidole vile vile anavyopimia kitambaa. Akakisikia kilima, akalisikia bonde. Ndipo mtoto akasema, taratibu kabisa:

“Bibi, upande ule ulishapata. Huu ndio ulionyimwa.”

Kisha akavuta pumzi, na Mama akasikia mbavu zikiinuka chini ya kiganja chake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na msasa mkononi, nimesahau nilikokuwa nakwenda. Mama alibakisha mkono wake palepale mpaka mtoto alipomaliza. Tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi, na ukimwona anavyoamrisha watu wanyamaze karakanani utadhani ameajiriwa na hospitali.

Haya, picha. Tulikwenda Alhamisi. Daktari akaziweka mbili kwenye taa, ya zamani na mpya, akachora mistari yake, akapima. Mgongo haujapinda zaidi. Mimi nilikuwa nangojea uti ulionyooka kama mwimo wa mlango, nikauliza kama ni hilo tu. Akaniambia mtoto amerefuka na mgongo umekaa ulipokuwa, na hilo ndilo hasa lililotafutwa. Hakutuahidi makubwa. Bado anakua, picha nyingine zitapigwa, na mazoezi hayakomi. Lakini habari ya kupasua kwa sasa haipo. Kwa hiyo usiache kazi, na usiku ulale.

Tulipofika nyumbani nilidhani angalau siku ile atapumzika. Alibadilisha nguo, akaenda kusimama mbele ya kioo. Namheshimu binti yako, dada. Nimefundisha vijana wengi ufundi, sijapata mwenye uvumilivu wa namna ile, na sioni aibu kukuambia kwamba niliingia nyuma ya mbao nikafuta macho.

Mdogo wetu wa mwisho anakusalimu, bado anajiita mfanyabiashara. Wifi yako anakusalimu, na hizi nimezifikisha zote. Chiriku anasema atakuandikia mwenyewe, kwa kuwa mimi huwa naharibu utamu.

Mama nimemweka mwisho. Jana alileta kitambaa, kizito, cha rangi ya samawati. Wifi yako akatoa mkasi kama kawaida, sote tukaketi kungojea shubiri. Mama akakikunja, akakirudisha kwenye mfuko wake. Akasema sisi tunaamka na Chiriku kila asubuhi, na yupo asiyemwona.

“Hiki ni cha aliye mbali. Nyinyi mlishapata.”

Kiko sandukuni mwake, hakijakatwa.

Mungu akulinde kazini na usingizini, akurudishe kwetu salama likizo yako ikifika.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata asipokuchokoza,

Fundi wa Kona