Kizibo Ndani ya Bahasha

Ambohipo, Antananarivo
9 Julai

Mdogo wangu Solofo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Vololona. Baridi ya huko Antsirabe inakutendeaje? Goti lako je? Sisi hatujambo, ila ukungu wa asubuhi umenirudishia kikohozi kile kile cha kila mwaka.

Ndani ya bahasha utakuta kizibo cha mpira, cheusi, kina mafuta. Usikitupe. Nitakueleza habari yake, nawe unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo.

Unakumbuka Renault uliyoniuzia ilivyoanza kuvuja oili. Mwanzoni lilikuwa tone moja penye lango. Kufikia Pasaka injini ilikuwa inakunywa lita nzima kwa wiki, na kuku wa jirani wakipita uani kwetu wanaacha nyayo nyeusi hadi barazani kwao. Fundi wa kwanza alibadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, iliyo kati ya injini na gia boksi. Baada ya wiki mbili oili ikarudi pale pale. Wa pili hata hakuinama. Alisema, "Mzee, hili zika tu. Sanda nitakuchangia."

Mzaha huo ndio nilioubeba mpaka kwenye kikao cha ukoo. Nilisema mbele ya wajomba kwamba umeniuzia maiti, na kwamba anayemuuzia nduguye maiti hafai kushika mkeka wa baba siku tutakapomtoa kaburini kumbadilishia sanda. Ulivaa kofia yako ukaondoka. Tangu siku hiyo sijapata barua yako.

Wiki tatu zilizopita alipiga hodi fundi mmoja mwembamba, jina lake Tsiory. Alituuliza habari za mpunga, za mvua, za wajukuu, ndipo akasema kwamba alikuwa anapita tu akaona matone langoni. Vololona alicheka akamwambia, "Karibu, baba, lakini ukisema tulizike utakuwa wa pili."

Nilimweleza maoni yangu yote kuhusu ugonjwa wa gari. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi, kisha akaomba mafuta ya taa na brashi. Aliisugua injini mpaka ikang'aa, akaikausha, halafu akaomba poda ya mjukuu wetu na kuinyunyiza kote. Tukapanda na gari hadi kanisani mlimani, tukarudi.

Hapo nilijifunza jambo. Oili ni mwongo, Solofo. Haidondoki pale inapotokea. Hutambaa juu ya chuma, upepo ukaisukuma nyuma, nawe ukamlaumu asiye na kosa. Lakini juu ya poda huacha njia yake. Tulipofungua boneti tuliona njia tatu: chini ya kifuniko cha valvu, penye kijiti cha kupimia oili, na kwenye ile sili mpya. Tsiory akatikisa kichwa. "Mwalimu, sili moja ikichoka huvuja peke yake. Zikivuja tatu kwa pamoja, usizilaumu. Kuna kinachozisukuma kutoka ndani."

Aliiacha injini ikinguruma, akafungua mdomo wa kujazia oili na kuufunika kwa mfuko wa nailoni, ameushika kwa viganja viwili. Mfuko ulivimba ukawa mgumu kama mpira, ukapasuka. Vololona alipiga kelele hadi majirani wakatoka. "Injini hupumua," fundi akasema. "Hii mtu ameibana... samahani, kitu kimeibana pumzi."

Akaizima injini, akaingia uvunguni, akaufuata kwa vidole mpira wa kupumulia, ule unaotoa moshi wa injini nje. Ghafla akaacha kusogea. Nilikuwa nimesimama miguuni pake, na nilijua vidole vyake vimegusa nini.

Alipotoka, mjomba Rasendra, aliyekuwa amekuja kututembelea, na majirani walikuwa wamekaa wanakunywa maji ya ukoko wa wali. Tsiory akawaambia kwamba nyigu wa siku hizi hujenga nyumba za ajabu kwenye mabomba. Kisha akaniwekea kiganjani kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, bila kunitazama usoni. Watu wakacheka habari ya nyigu. Nami nikacheka. Nikaongeza hata kwamba wakati wa baridi nyigu ndivyo walivyo.

Alipokuwa akiaga aliniuliza kama mlango wa kushoto bado unataka kuinuliwa kwa goti ndipo ufunge. Jambo hilo tunalijua wewe na mimi tu. Nilipombana alitazama viatu vyake, akakiri kwamba wewe ndiye uliyemtuma, ukamkataza asikutaje. Ujira aliukataa kabisa.

Sasa sikiliza. Hapakuwa na nyigu. Kizibo hicho ni changu, nilikichukua maabara ya shule nilipostaafu. Jumapili ya pili baada ya kununua gari, moshi wa ule mpira ulipenya sakafu ya gari, na shuka jeupe analojitanda shemeji yako likanuka oili kanisani mbele ya meza ya Bwana. Jumatatu niliingia uvunguni nikaziba, nikajiona fundi. Miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto kwamba hewa iliyofungiwa hutafuta pa kutokea! Tone la kwanza lilipoonekana nilishuku. Nikanyamaza, maana kukulaumu wewe kulikuwa rahisi kuliko kuinama tena uvunguni.

Kila asubuhi natazama gazeti ninalolitandika chini ya injini. Kavu. Nilikutukana mbele ya watu, nawe ukanitumia tiba kimyakimya. Asante, mdogo wangu. Sijui neno kubwa kuliko hilo.

Tarehe kumi na saba Agosti tunafungua kaburi. Kabla mkeka haujaguswa nitasema mbele ya wajomba wote kwamba hapakuwa na nyigu, kwa hiyo uje na kizibo, nitahitaji kukionyesha. Kisha wewe utashika upande wa kichwa cha baba. Mimi nitashika miguu.

Nitakuja mwenyewe kukuchukua. Mlango utaufunga wewe. Goti langu bado halijaujua vizuri.

Wasalimie wote nyumbani, na Tsiory kwanza. Vololona anakupelekea salamu na mtungi wa achari ya maembe, nitakuja nao.

Mimi kaka yako, mwenye kosa na mwenye shukrani,
Ranaivosoa