Haikuwa Blanketi, Mama

Nairobi, Agosti 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimefurahi kwamba maharage yako huko Runazi yamestawi.

Uliniuliza kuhusu kazi yangu. Tunapima vipande vidogo vya kirusi cha surua kama vinanasa kwenye vishikizo vilivyo juu ya seli. Kipande kikinasa, kinga ya mwili hukiona na kupigana. Jana kimoja kilinasa, nikaruka kwa furaha.

"Nimpaye, umeolewa?" wenzangu wakacheka.

Vishikizo hutofautiana, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Tulipokimbia Burundi, sisi watoto sote tuliugua surua, mdogo wangu Ndikuriyo akafariki. Umejilaumu kwamba blanketi letu la pekee ulinifunika mimi. Huenda damu zetu zilitofautiana tu, mama.

Krismasi nikija, tulitaje jina lake mezani.

Mwanao akupendaye,
Nimpaye