Hewa ya Shimo la Mtama

Garissa, Februari 1998

Abowe Muse, kaka yangu,

Assalamu alaikum. Maji ya mto yamerudi nyuma, na mbuzi wawili wamezaa. Nakuandikia kwa Kiswahili ili Abti Sakariye, mjomba wetu, asiweze kuisoma barua hii.

Jana Bwana Mutua, yule mtafiti wa udongo, alichomeka ardhini vipimo vyake vya elektrodi, vijiti vya kupima hewa, kando ya shimo letu la kuhifadhia mtama. Hewa tunayovuta ina oksijeni ishirini na moja katika mia. Pale kipimo kilisoma mbili. Mtama uliolowa umeimaliza.

Akaniambia, "Hamda, mtafsirie mjomba wako. Asishuke humo. Mtu huanguka kabla hajaita."

Wazee walikuwa wamekaa, wote wakanitazama. Niliona haya, Abowe. Nikasema kwa Kisomali, "Anasema mtama umelowa."

Abti akacheka. "Basi mashine yote hiyo kwa jambo ambalo pua yangu inalijua!"

Sijamwambia mtu hadi sasa. Barua hii itakufikia huko Bute baada ya wiki, na huko nje wameshaanza kufukua mdomo wa shimo. Abti anaitisha kamba. Naweka kalamu chini, niende nikapige kelele mbele ya wazee wote.

Niombee sauti itoke.

Dadako,
Hamda