Nilimposti Mtoto wa Wenyewe

Mpendwa Mama Edith, pokea salamu zangu kutoka Doha, na kabla sijafika mbali naomba usitaje jina langu wala jengo ninaloishi, kwa sababu Wakenya wa hapa tunajuana na wengi wanasoma ukurasa wako kuliko wanavyosoma Biblia. Naomba msaada wako maana nimefika mahali ninaongea na friji.

Mimi ni yaya katika nyumba ya Wajapani huku Lusail. Bwana ni injinia, anaondoka alfajiri na kurudi jioni, na siku nyingine analala huko huko kazini, kwa hiyo tunaoshinda nyumbani ni watatu, madam, mtoto wao wa kike ambaye ametimiza miaka minne juzi, na mimi. Nitakuambia ukweli, nyumba niliyotoka kabla ya hii nilikuwa nakula nikiwa nimesimama jikoni, na hapa siku ya kwanza madam alinivutia kiti akaniambia keti, tukala wali na samaki meza moja, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu, mchana mtoto akilala sisi wawili tunakula polepole, yeye na Kiingereza chake cha kuokoteza na mimi na changu, ananiuliza habari za mama yangu kule Nyamira na mimi namuuliza za kwao, na yeye pia hana mtu hapa, sijawahi kuona mgeni wake akigonga mlango ule.

Sasa shida ni simu. Mimi simu ndiyo nyumba yangu, na nadhani wenzangu walio huku wananielewa, mama yumo, dada zangu wamo, kanisa langu limo, rafiki yangu Akinyi anayefanya kazi hotelini na kuishi Al Mansoura yumo, na hata Ijumaa nikiwa sina kazi mara nyingi sitoki, nalala kitandani nikiwaangalia watu waliotoka. Madam naye anatumia intaneti kutwa nzima, anaagiza mboga humo, anasoma habari za kwao, anatafuta dawa ya mafua ya mtoto, lakini yeye mwenyewe humuoni humo, ni kama mtu anayeingia dukani akachukua alichofuata akatoka, na mimi ndiye niliyehamia dukani na godoro. Kwenye picha yake ya WhatsApp ameweka bakuli la supu. Nilimuuliza mbona anaficha sura na ni mrembo, akasema kwao watu wengi wako hivyo, wanaweka ua au paka na jina la kubuni, na wakiposti picha ya kikundi wanabandika kikatuni juu ya nyuso za wengine, kwa sababu uso wa mtu ni wa mwenyewe na ni lazima umuulize kwanza. Nikamwambia kwetu tukiona hivyo tutadhani nyinyi nyote mnatafutwa na polisi. Alicheka mpaka akaweka vijiti vyake chini, kisha akaniambia taratibu, "Mtoto pia, tafadhali. Uso wake usiwe mtandaoni." Nikasema sawa madam.

Nilisema sawa na nilimaanisha, Mama Edith. Lakini siku ya kuzaliwa ya mtoto ikafika, na wewe unajua kwetu mambo ya birthday yalivyo, usipomposti mtu siku yake watu wanaulizana mmekosana nini, mimi nimewaposti hata watu nisiowapenda, na huyu ninayemvalisha viatu kila asubuhi, huyu aliyejifunza kwangu kusema "maji" na "asante" na "njoo", niamke ninyamaze kana kwamba simjui? Nikampiga picha akiwa amejipaka keki shavuni, nikaiweka kwa status, nikaandika, "Binti yangu wa Doha ametimiza minne, Mungu akutunze mama." Nikajiambia ni status tu, kesho itaondoka yenyewe, na isitoshe madam sikumwekea aione. Watu wakaitazama, wakanitumia mioyo, mama akapiga simu akasema hata yeye amempenda, na jioni hiyo sikuwa mpweke.

Aliyenichoma hakuwa na nia mbaya. Kuna dereva wa kampuni anayembeba bwana, Mkenya mwenzetu anaitwa Ronnie, namba yangu anayo, na kesho yake wakiwa kwa gari akamwambia bosi hongera, mtoto amekua, nimemwona kwa simu. Bwana akaomba aone. Ronnie naye, kwa moyo mweupe, akamwonyesha.

Jioni wakaniita sebuleni. Madam akaniuliza, "Uliiweka wewe?" Nikajibu ndiyo madam, nilifikiri ni jambo la furaha. Akaangalia mikono yake, akasema, "Ni sawa. Tafadhali ifute." Nikaifuta mbele yake, akainamisha kichwa akaniambia asante, nikaenda zangu nikidhani yameisha, na hayakuisha.

Tangu siku hiyo hajanikaripia, na ingekuwa afadhali anikaripie, mabosi wa kunipigia kelele nimewazoea. Tafadhali na asante ziko vile vile. Lakini mchana anachukua sahani yake anaenda kula chumbani, anasema kichwa kinamuuma, na mtoto akinikimbilia wakati nina simu mkononi anamwita kwa Kijapani, kwa sauti ya chini, na mtoto anageuka. Mimi bado ninaandaa sahani mbili mezani, halafu moja ninairudisha kabatini.

Na kuna jambo ambalo madam hajui. Siku ile ile niliyoposti, Akinyi alichukua skrinishoti akaitupa kwa grupu letu la watu wa nyumbani walio Doha, akaandika jameni muoneni mwenzetu alivyopata mtoto mzuri wa Kijapani, na kutoka hapo mtu nisiyemjua akaipeleka Facebook kwa ukurasa wa mayaya wa Ghuba, na bado iko huko, wengi wanasema mazuri, lakini kuna mwanaume mmoja ameuliza wanaishi jengo gani. Nikampigia Akinyi, akaniuliza, "Madam wako anaingia Facebook?" Nikasema haingii. "Basi ataionea wapi? Khalas, yameisha, nyamaza. Hao watu hawasemi, lakini wewe ukisema utapanda ndege." Na mkataba wangu unakaribia kuisha, bwana amesema yeye na madam watazungumza kwanza kabla ya kuuongeza.

Mama Edith, kinachoniliza si kazi, kazi nitapata nyingine, ni ile meza. Nikisema nitaipoteza kabisa. Nikinyamaza ninakaa na mtu ninayemdanganya na ambaye hata hivyo hakai na mimi. Nina mamia ya watu wanaotazama status yangu na hakuna hata mmoja wa kuniomba chumvi. Niseme au ninyamaze, na nikisema nitabaki na nani?

Mpweke, Lusail

*

Mpweke wa Lusail,

Pole. Barua yako nimeisoma nikiwa na kikombe cha chai na chai ikapoa, kwa hiyo usidhani haya yanatoka kwa mtu asiyekuhurumia. Lakini leo utanisikia.

Uliambiwa. Hukuambiwa kwa mafumbo wala kwa Kijapani. Uliambiwa kwa maneno unayoyaelewa, mezani, na mtu aliyekuwa akicheka na wewe, ukasema sawa. Kisha ukafanya kile kile ulichokatazwa, na ukahakikisha haoni. Ungekuwa unaamini hakuna ubaya, mbona ulimficha mama mtu? Usiniletee habari za birthday na za kwetu. Kwetu pia huchukui mtoto wa jirani ukamtembeza mtaa mzima bila mama yake kujua, na ukifanya hivyo utatafutwa na akina mama wenye hasira.

Tena rudi usome mwanzo wa barua yako. Kabla ya kuniambia shida, umeniomba nisitaje jina lako wala jengo lako, kwa sababu hutaki kila mtu akujue. Nimekubali, ni haki yako. Madam wako aliomba hilo hilo kwa ajili ya mtoto ambaye hawezi kujiombea. Kwa hiyo usimweke kwenye fungu la watu wa ajabu wa mbali wanaoogopa mtandao. Mnafanana kuliko unavyodhani, ila yeye huomba ruhusa kwanza.

Unasema amekununia. Mimi simjui, na wewe usiyafanye maneno ya Akinyi kuwa elimu ya Wajapani wote. Huenda ana hasira, na ana sababu. Lakini mimi ninavyosoma, naona mwanamke aliyekuwa na mwenzake mmoja katika mji mzima, na amempoteza siku ile ile uliyompoteza wewe. Yeye anakula chumbani, wewe unakula peke yako mezani, na katikati kuna ukuta. Ukuta huo umeujenga wewe, dada yangu, kwa hiyo usimngoje yeye aje aubomoe.

Sasa unauliza useme au unyamaze. Yule mwanaume anayeuliza jengo ameshalijibu swali hilo. Akishaingia mtu wa namna hiyo, haya si mambo ya urafiki tena wala ya mkataba wako. Kuna mtu asiyejulikana anayeulizia mtoto mdogo anakoishi, na wazazi wake hawana habari. Wanatakiwa kujua leo, na wajue kutoka kwako, wasije wakaambiwa tena na Ronnie ndani ya gari.

Ukimaliza kusoma hapa mpigie Akinyi. Usimwandikie, mpigie, na akianza na khalas zake mwambie hukupiga kuomba maoni. Aifute kwa simu yake, amwambie msimamizi wa grupu aiondoe, na amtafute aliyeipeleka Facebook. Ukurasa ule ukikaidi, iripotini nyinyi nyote mnaojiita marafiki, mseme wazi kwamba ni picha ya mtoto iliyowekwa bila idhini ya wazazi. Swali la yule mwanaume lihifadhi pamoja na jina analotumia, kwa sababu baba mtoto atataka kuliona.

Bwana akirudi, waombe wote wawili wakusikilize. Ingia hapo bila simu mkononi. Na usiingie ukilia, maana ukilia madam ndiye atakayeanza kukubembeleza, na mwenye kosa ni wewe. Sema, "Mliniambia nisiweke, nikaweka. Nilisema nimefuta, lakini ilikuwa imeshatoka, na sikuwaambia." Kisha taja kila mahali ilipofika na kila unayemjua aliyeiona, na ulichofanya kuiondoa. Usiseme "kama nimewakosea", kwa sababu umewakosea. Ukimaliza usiwaulize papo hapo kama wamekusamehe, waache wakae na jambo hilo kwa muda wao, hata ikiwa wiki nzima. Wakisema uondoke, utaondoka, na itauma. Siwezi kukuahidi ile meza na nikikuahidi nitakuwa ninakudanganya. Ninachojua ni kwamba hata akirudi kuketi hapo leo, wewe mwenyewe hutameza tonge ukiwa na siri hiyo.

Kuhusu upweke wako, sikucheki hata kidogo. Ughaibuni kuna baridi hata kwenye joto lile lenu. Lakini Ijumaa toka nje. Nenda kanisani kwa mwili wako. Ukishagombana na Akinyi mkamalizana, mwambie mkutane Al Mansoura mle ugali, simu zenu zikiwa ndani ya mkoba, hata kama mtakosa la kusema kwa nusu saa. Ulitaka watu wa nyumbani waone kwamba una mtu huko. Lakini ulikuwa naye tayari, dada, tena wawili, na mmoja alikuwa amejipaka keki shavuni.

Nina jambo moja lililobaki, na nimefikiri sana kama niliseme hapa au nikuandikie pembeni. Barua yako ilikuwa na mistari mingine ambayo wasomaji hawataiona, kwa sababu nimeikata. Uliniandikia jina la mtoto, na chini yake ukaniambatanishia picha ile ile, ukasema, "Ili ujionee mwenyewe, Mama Edith, alivyo mzuri." Najua hukufanya kwa ubaya, ulifanya kwa mapenzi, kama mara ya kwanza. Jina nimelifuta na picha nimeifuta, lakini nilikuwa nimeshaifungua. Kwa hiyo ukifika mahali pa kuwatajia walioiona, nitaje na mimi.

Mama Edith